Mbegu za bustani ya uani Pwani: aina ya kuchagua, wakati wa kusia na jinsi ya kukuza miche

Pakiti za mbegu za mboga zinazouzwa Kariakoo, Tanga mjini au Mombasa ni zile zile zinazouzwa Arusha, Lushoto na Limuru. Picha ni ile ile, maelekezo ya nyuma ni yale yale. Lakini Lushoto watu hulala na blanketi, na Temeke mwezi wa Februari joto la usiku haliteremki sana chini ya nyuzi 25. Mbegu iliyo nzuri kabisa huko juu inaweza kuota vizuri Pwani, ikanawiri, ikachanua, kisha maua yote yakapukutika bila tunda hata moja. Mwenye bustani hulaumu udongo, hulaumu samadi, hulaumu mkono wake. Kosa lilifanyika dukani, kabla jembe halijagusa ardhi.

Maelezo haya ni ya bustani ndogo ya nyumbani katika ukanda wa kutoka Mtwara hadi Mombasa, pamoja na Unguja na Pemba: uani, kwenye viroba, kandokando ya ukuta. Anayeishi nyanda za juu atahitaji aina nyingine za mbegu na majira mengine, ila sehemu ya kitalu itamfaa vile vile.

Joto la usiku ndilo linaloamua

Nyanya ndiyo mboga inayovunja watu moyo kuliko zote, kwa hiyo tuanze nayo. Ua la nyanya hushika tunda pale chavua inapokuwa hai, na chavua hudhoofika joto la usiku likikaa juu ya nyuzi 22 hadi 24 mfululizo. Mmea unaweza kuwa na afya njema, majani ya kijani kibichi, na bado ukadondosha maua kila asubuhi. Kuongeza mbolea hapo ni kuongeza majani tu.

Dar es Salaam usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Hiyo ndiyo nafasi yako. Maua yanatakiwa yatoke wakati wa kipupwe, kati ya Juni na mwanzo wa Septemba, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: aina fupi ya nyanya huanza kuchanua kama wiki 4 au 5 baada ya kuhamishwa, na mche hukaa kitaluni wiki 4. Ukisia katikati ya Aprili utahamisha katikati ya Mei na kuona maua katikati ya Juni. Awamu ya mwisho isia mwisho wa Juni. Ukisia Oktoba kwa sababu vuli imekuja na udongo umelowa, maua yatatoka Desemba na Januari, kaskazi ikiwa imepamba moto, na utavuna kidogo sana hata kama umefanya kila kitu sawasawa.

Ugumu wa ratiba hii ni kwamba Aprili ni masika. Miche inakua wakati mvua inapiga kwa nguvu, na kitalu kisichoezekwa huoza. Kitalu cha Pwani kwa hiyo lazima kiwe na paa la nailoni angavu kwa ajili ya mvua ya masika, na paa la makuti yaliyopangwa kwa mwanya au neti ya kivuli kwa ajili ya jua la Oktoba.

Hoho nayo hudondosha maua kwenye joto, ingawa si kwa ukali wa nyanya. Aina ya zamani, California Wonder, inayozaa matunda makubwa ya pembe nne, inataka kipupwe. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huzaa hata kwenye kaskazi.

Zipo mboga ambazo joto ni ndugu yao, na bustani ya uani inapaswa kuzitegemea hizo kuanzia Novemba hadi Machi: bamia, biringanya, ngogwe (nyanya chungu), mchicha, kunde za majani, mlenda, matembele, maboga ya majani. Kwenye bamia, Clemson Spineless na Pusa Sawani hupatikana karibu kila duka la pembejeo na zote mbili zinalifaa eneo hili. Kwenye ngogwe tafuta Tengeru White au DB3. Kwenye mchicha tafuta Madiira 1 au Madiira 2. Hizi zimetokana na kazi ya watafiti wa mboga walioko Arusha, zikiwa zimechaguliwa kutoka mbegu za Afrika yenyewe, na mchicha wa Madiira huchelewa kutoa mbegu ukilinganishwa na mchicha wa kienyeji, kwa hiyo unachuma majani kwa wiki nyingi zaidi kutoka shina lile lile.

Karoti: acha Nantes kwa watu wa milimani. Pwani chukua Kuroda, inayovumilia joto na kubaki na rangi. Saladi ya kufunga kichwa kama Great Lakes haifungi kwenye joto hili. Inarefuka, inatoa shina na kuwa chungu. Panda saladi ya majani, uchume majani ya nje.

Kile tunachokiita spinachi sokoni si spinachi ya kweli bali ni jamaa ya kiazi sukari, na aina inayouzwa sana ni Fordhook Giant. Inastahimili joto vizuri. Spinachi ya kweli, yenye majani madogo laini, ikisiwa Pwani hukimbilia kutoa maua ikiwa bado na majani machache tu.

Kitunguu kinahitaji aya yake, hasa kwa wenye ndugu ng'ambo wanaoleta pakiti za mbegu kama zawadi. Kitunguu huanza kufunga kulingana na urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote katika mwaka ni kama saa 12 na nusu. Mbegu hiyo itaota, itatoa majani kama ya kitunguu cha majani, na itabaki hivyo miezi yote, haitafunga kamwe. Tafuta aina za mchana mfupi: Red Creole, Red Bombay au Texas Grano. Tena, kuingiza mbegu nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na Kenya iko KEPHIS. Ugonjwa unaoingia na kipakiti cha gramu 2 haubaki kwenye bustani ya aliyekileta.

Kusoma pakiti

F1 maana yake ni chotara: mbegu ya kizazi cha kwanza cha wazazi wawili waliochaguliwa. Hutoa mimea inayofanana na mara nyingi yenye kinga nyingi, lakini mbegu utakazotoa kwenye tunda lake hazitafanana na mama. Kila msimu unanunua upya. Mbegu zisizo chotara, kama Tanya, Tengeru 97, Cal J, Rio Grande na Roma VF kwa upande wa nyanya, unaweza kuzitunzia mbegu mwenyewe. Kwa bustani ya mashina 12 hakuna aibu kuchagua zisizo chotara. Bei ya chotara hulipa pale ambapo ugonjwa fulani umeshaweka makazi kwako na pakiti inataja kinga ya ugonjwa huo.

Herufi zilizofuata jina la nyanya ndizo zinazotaja kinga. V na F ni minyauko miwili inayoletwa na fangasi wa udongoni. N ni minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi iote vinundu kama shanga. T au ToMV ni virusi vya batobato. TYLCV ni ule ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta: majani yanajikunja juu, yanakuwa madogo na ya manjano kandoni, mmea unadumaa. Kinga haimaanishi mmea hauugui kabisa. Maana yake unaugua polepole na unazaa.

Kuhusu N kuna jambo ambalo pakiti haisemi. Kinga ya nyanya dhidi ya minyoo fundo hulegea udongo ukipata joto la zaidi ya nyuzi 28. Mchanga mtupu wa Kigamboni au Bububu, ukiwa wazi saa 8 mchana, unapita hapo kwa mbali. Kwa hiyo hata ukinunua mbegu yenye N, funika udongo kwa matandazo ya nyasi au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 8. Bila matandazo umelipia kinga isiyofanya kazi.

Nyanya fupi na nyanya ndefu ni jambo la nafasi. Cal J, Rio Grande na Roma VF ni fupi: hufika kimo chake, huzaa kwa mkupuo, huisha. Money Maker na chotara nyingi za kwenye banda huendelea kurefuka, zinataka kamba au mti wa mita 2 na kuondolewa maotea (vichipukizi vya kwapani mwa majani) kila wiki. Kwenye kiroba chukua fupi.

Angalia pia lebo ya uthibitisho wa mbegu, ya TOSCI kwa Tanzania au ya KEPHIS kwa Kenya, tarehe ya kufungashwa na uzito. Mbegu zinazochotwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi ni za bei nafuu, lakini kopo lililofunguliwa Pwani hunyonya unyevu wa hewa kila siku, na kitunguu cha kopo hilo kinaweza kuwa kimekufa ndani ya miezi michache. Mbegu zenye rangi ya waridi, bluu au kijani zimepakwa dawa. Nawa mikono ukizishika, usimpe mtoto achezee, na zinazobaki usizimwage kuku wanapokula.

Usinunue nyingi. Gramu 1 ya nyanya ina mbegu kama 300. Hoho kama 150. Kabichi na sukuma wiki kati ya 250 na 300. Bamia kama 15 tu. Familia inayotaka mashina 12 ya nyanya inahitaji kusia mbegu 20 hadi 25. Pakiti ndogo kabisa itakutosha miaka miwili ukiihifadhi vizuri.

Jaribu kabla ya kusia

Hesabu mbegu 20. Zipange juu ya karatasi laini ya kufutia iliyoloweshwa na kukamuliwa, kunja, weka ndani ya mfuko wa plastiki, uache ndani ya nyumba. Kwa joto la Pwani sukuma wiki itaonyesha kichipukizi siku ya 3, nyanya siku ya 4 hadi 7, hoho kati ya siku 7 na 14. Zikiota 16 kati ya 20, sia kwa kawaida. Zikiota 10, sia mara mbili ya unazohitaji. Chini ya hapo tupa. Mbegu dhaifu hata ikiota hutoa mche unaochelewa, na mche unaochelewa ndio unaoshikwa na ugonjwa.

Mbegu ulizotunza mwenyewe au ulizopewa na jirani, za nyanya na jamii ya kabichi, zifanyie maji moto kwanza. Magonjwa kadhaa ya bakteria na fangasi hukaa juu na ndani ya ganda la mbegu, na maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 huwaua bila kuua mbegu. Kwa sukuma wiki dakika 20 zinatosha. Sehemu 1 ya maji yanayochemka ikichanganywa na sehemu 2 za maji ya bomba hutoa karibu nyuzi 50, lakini lazima upime kwa kipimajoto cha jikoni. Kipimajoto cha homa kinaishia nyuzi 42 na kitapasuka. Kidole hakifai: nyuzi 50 na 55 zote mkononi ni moto tu, ila kwenye 55 uotaji unaanza kufa. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, tumbukiza kwenye chupa ya chai iliyokwisha kupashwa, ongeza maji moto kidogo joto likishuka, kisha toa na utie kwenye maji baridi. Zianike kivulini zikauke, usie ndani ya siku chache. Mbegu iliyopakwa dawa au iliyozeeka usiifanyie hivi.

Udongo wa kitalu

Changanya ndoo 2 za udongo wa juu usio na mfinyanzi mwingi, ndoo 1 ya mboji au samadi iliyoiva kabisa, na ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. Samadi iliyoiva hainuki na haipati moto ukiilowesha. Ile inayonuka mkojo huunguza mizizi na huvuta inzi.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Na kuna mtego mwingine wa chumvi ambao wengi hawaujui: vumbi la makumbi ya nazi. Ni nyenzo nzuri sana ya kuoteshea, nyepesi na inashika maji, na Pwani tunayo bure. Lakini makumbi ya kamba huzikwa kwenye matope ya bahari miezi mingi ili yalainike, na vumbi lake hubeba chumvi hiyo yote. Liloweshe kwenye ndoo ya maji baridi, likamue, mwaga maji, rudia mara 3. Ndipo ulitumie badala ya nusu ya udongo. Kwa sababu hiyo hiyo, kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, mwagilia miche kwa maji ya mvua au ya bomba. Mmea mkubwa wa mchicha utavumilia, mche wa siku 6 hautavumilia. Dalili ni ncha za majani kukauka na weupe kama unga juu ya udongo.

Udongo uliowahi kuoteshea nyanya, hoho, biringanya, ngogwe au mbatata unabeba magonjwa yao. Usafishe kwa jua: ulowe vizuri, utandaze unene wa sentimita 10 hadi 15, ufunike kwa nailoni angavu (nyeusi haifanyi kazi sawasawa), ubane kingo, uache wiki 4 hadi 6 za jua kali. Februari ni mwezi mzuri wa kazi hii, kwani bustani haina kazi nyingi na udongo utakuwa tayari kwa Aprili. Asiye na muda apashe udongo wenye unyevu ndani ya debe lililofunikwa, moto wa wastani, mpaka kiazi kilichozikwa katikati kiive. Hapo joto limetosha. Usiuchome hadi ukauke na kunuka moshi.

Vyombo: trei za mashimo ni bora, na hutumika miaka kadhaa ukiziosha. Chupa za maji zilizokatwa, makopo yaliyotobolewa chini na vifuko vya nailoni vinafaa. Trei za mayai hazifai Pwani. Karatasi yake hunyonya maji yote na miche hukauka kabla ya jioni.

Kusia

Jaza chombo, mwagilia kwanza, subiri maji yanywe, ndipo usie. Kina cha mbegu kiwe mara 2 hadi 3 ya unene wake: nyanya, hoho na kabichi nusu sentimita hadi 1, bamia sentimita 2, mchicha hufunikwa kwa vumbi jembamba tu la udongo. Kwenye tuta la kitalu chora mistari kwa kijiti, sentimita 10 kutoka mstari hadi mstari, na mbegu zisikaribiane kuliko sentimita 2. Kumwaga mbegu kama chumvi kwenye kitoweo ndiko kunakoleta nusu ya taabu zote zinazofuata.

Saladi ina tabia yake. Inahitaji mwanga kuota, kwa hiyo ibonyeze tu juu ya udongo bila kuifunika. Na joto likizidi nyuzi 28 au 30 mbegu hulala, haioti hata uimwagilie wiki nzima. Isie jioni, na trei uiweke sehemu ya chini ya friji siku 2 kabla ya kuitoa kivulini. Watu wengi wametupa mbegu nzima za saladi wakidhani zimeoza.

Spinachi, yaani ile Fordhook Giant, kila punje unayoiona ni kifungu cha mbegu 2 hadi 4 zilizoshikana. Iloweke usiku mmoja, isie moja moja, kisha miche ikitoka kwa kikundi bakiza mmoja na ukate mingine kwa mkasi. Ukiing'oa utang'oa na uliotaka kubaki.

Tuta likishasiwa lifunikwe kwa nyasi kavu nyembamba ili lisikauke. Hapa pana umakini: mche wa kwanza ukichomoza, nyasi zote zitoke siku hiyo hiyo, saa 10 au 11 jioni. Zikiachwa siku 2 miche hurefuka ikitafuta mwanga, inakuwa miembamba na myeupe kama uzi, na haiponi tena. Hilo hilo hutokea kwa trei inayowekwa barazani chini ya bati. Binadamu anaona barazani kuna mwanga wa kutosha. Mche unaona giza. Unahitaji jua la asubuhi la moja kwa moja kwa muda wa angalau saa 4, na kivuli chepesi mchana.

Sisimizi hubeba mbegu ndogo usiku kucha. Weka trei juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji yenye mafuta machafu kidogo. Meza pia inaepusha kuku na konokono.

Wiki mbili za kinyausi

Kuanzia kuchomoza hadi majani halisi mawili ya kwanza, adui mkubwa ni kinyausi. Jana miche imesimama, leo asubuhi imelala, na ukiitazama shingo yake pale inapokutana na udongo imesinyaa na kulainika kama iliyochemshwa. Huanza sehemu moja na kutanuka kama duara. Husababishwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu mwingi, msongamano na hewa iliyotuama.

Mche ulioanguka hauna tiba. Uondoe pamoja na udongo unaouzunguka kwa kijiko, na hata iliyo jirani inayoonekana mizima, kisha acha kumwagilia mpaka sentimita 1 ya juu ikauke, ongeza mwanga na upepo. Kinga iko kwenye maji: mwagilia asubuhi, mara moja, kwa tundu dogo, na jioni udongo wa juu uwe umeanza kupauka. Chupa ya maji iliyotobolewa kizibo kwa sindano ya moto matundu 10 au 12 hufanya kazi kuliko keni kubwa inayofukua mbegu. Asiyeweza kujizuia kumwagilia mara tatu kwa siku aweke trei ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2 kwa dakika 15, itanywa kwa chini, kisha aitoe.

Majani halisi yakitoka (yale mawili ya kwanza laini ni ya mbegu, hayahesabiwi), punguza msongamano: kila shimo mche mmoja, kila mche wa kwenye tuta upate sentimita 4 hadi 5. Kama majani yanapauka, kijiko 1 cha chai, kisichojaa, cha mbolea ya NPK inayoyeyuka kwenye lita 5 za maji, mara moja kwa wiki. Ukizidisha utapata miche mikubwa, laini, inayovunjika na kupendwa na wadudu mafuta.

Kwa nyanya, huu ndio wakati rasta inapoingia. Inzi weupe huleta virusi, na mmea ulioambukizwa ukiwa kitaluni hautazaa chochote cha maana, tofauti na ule ulioambukizwa ukiwa tayari na matunda. Watu hufunika kitalu kwa chandarua cha mbu wakidhani wamemaliza. Matundu ya chandarua humzuia mbu. Inzi mweupe hupita bila kukunja mbawa. Tumia neti maalumu ya wadudu wa kitaluni, au kitambaa chepesi cha pazia chenye matundu madogo kabisa, kikiwa kimeinuliwa juu ya fito na kingo zake zimezikwa kwenye udongo.

Kukomaza na kuhamisha

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji na ondoa kivuli kwa hatua: siku ya kwanza jua la asubuhi hadi saa 4, kesho hadi saa 5, na kuendelea. Miche inyauke kidogo mchana na kusimama yenyewe jioni. Isiposimama jioni umeitesa kupita kiasi, mwagilia. Shina linapoanza kuwa na rangi ya zambarau kwa mbali na kuwa gumu kidogo, uko sawa.

Nyanya ihamishwe wiki ya 4 hadi 5, ikiwa na majani halisi 4 au 5 na unene wa penseli. Sukuma wiki na kabichi wiki 4 hadi 5, ngogwe na biringanya 5 hadi 6, hoho na kitunguu 6 hadi 8. Mche wa nyanya uliokaa wiki 8 kitaluni na kutoa ua usiuonee huruma. Hautakua, utabaki kuzaa tunda moja dogo. Sia upya.

Hamisha baada ya saa 10 jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu muda wa saa 2 kabla ya kuhamisha, toa mche na udongo wake. Nyanya izike hadi majani ya kwanza, kwani shina lake hutoa mizizi popote linapoguswa na udongo. Mche uliorefuka uulaze shimoni mshazari. Hoho, biringanya na kabichi zikae kina kile kile zilichokuwa nacho. Nyanya fupi zipeane sentimita 50 hadi 60, hoho 45, ngogwe 75, sukuma wiki 45. Kiroba cha kilo 50 kilichojazwa nusu kinabeba shina 1 la nyanya au 2 za hoho, si zaidi.

Kama asubuhi unakuta mche umekatwa chini kama kwa wembe na juu umeachwa palepale, ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo sentimita 3 kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Zungushia kila mche ukosi wa karatasi ngumu, sentimita 2 ndani ya udongo na 3 juu.

Karoti na figili haziendi kitaluni kabisa, mzizi ukikatwa hugawanyika. Mchicha changanya na mchanga mkavu, kiasi 1 kwa 10, umwage kwenye mistari ya bustani. Bamia, kunde na maharage sia shambani mbegu 2 kila shimo. Matango na maboga ukitaka kuyawahisha, yaoteshe kwenye vifuko na uvipasue wakati wa kuhamisha bila kutikisa udongo.

Kuhifadhi zinazobaki

Joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu, na Pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Kunja pakiti, weka ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, chini tia robo ya mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa, au majivu makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa. Andika jina na mwezi, weka friji. Ukitaka kusia, toa chupa uiache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua, vinginevyo hewa yenye unyevu itaganda juu ya mbegu kama jasho. Ikihifadhiwa hivi nyanya huota vizuri hata mwaka wa 4, jamii ya kabichi vivyo hivyo, hoho na bamia miaka 2 hadi 3. Kitunguu usikitegemee zaidi ya mwaka mmoja.

Kutunza mbegu ya nyanya isiyo chotara, chagua shina lenye afya kuliko yote, si tunda kubwa kuliko yote. Kamua mbegu na utelezi wake kwenye kikombe bila kuongeza maji, funika kwa kitambaa. Kwa joto letu ute huchacha ndani ya siku 1 hadi 2. Zikipita 3 mbegu huanza kuota humo humo. Osha, tupa zinazoelea, anika kivulini juu ya sahani ya udongo au kioo, ukizigeuza kila siku. Juu ya karatasi zitanata.